Kikao cha Pande Mbili za Mwamba

Mke wangu Nthenya alikuwa mtu wa maneno. Mimi si wa maneno. Watu walisema Mungu alipogawa alimpa yeye fungu la watu wawili, na mimi sikulalamika. Nyumba yetu haikunyamaza, na mimi sikuchoka kusikiliza.

Alituacha mvua za mwaka jana. Watu wanamkumbuka kwa mengi. Mimi nitasema moja tu, la mwamba wa Katuvi.

Katuvi iko upande wa Tseikuru. Ukitoka sokoni asubuhi na mbuzi, unafika kabla mbuzi hawajaanza kutafuta kivuli. Ni jiwe kubwa limelala kwenye vichaka, limepasuka juu mpaka chini, na ndani ya zile nyufa kuna kobe. Si kobe wa mviringo anayeonekana kila mahali. Huyu ni bapa kama chapati. Ukimshtua haingizi kichwa ndani akangoja. Anakimbia, anajipenyeza kwenye ufa, anajivimbisha huko, na hapo umemkosa.

Miaka ya sabini walianza kuja watu na lori. Walinunua kobe. Mtoto akileta mmoja anapewa sukari kwa karatasi. Tukauliza kobe wanaenda wapi, tukaambiwa ng'ambo, wanawekwa kwenye masanduku ya kioo, watu wanawaangalia. Nthenya alicheka siku nzima. Akasema mtu akitaka kuangalia kobe si aje hapa, tumpe na uji.

Aliacha kucheka siku aliyopita Katuvi akitafuta mbuzi aliyepotea. Alizunguka ule mwamba wote. Nyufa zilikuwa zimechokolewa kwa waya, na kobe hakumwona. Alirudi nyumbani akaniambia, “Baba Mumbe, yule hutaga yai moja. Si kuku.” Akakaa. Kisha akainuka akaenda kwa wanawake wenzake wa mwethya.

Mwethya ni kile kikundi cha kusaidiana, leo shamba la huyu, kesho nyumba ya yule. Wale kina mama walibeba vyondo, vikapu vyao walivyokuwa wakisuka, wakaenda kukaa juu ya mwamba. Lori lilipofika, wanunuzi waliwakuta wamejaa kule juu kama ndege. Hakuna aliyewatukana. Waliulizwa tu habari za mama zao, na kama mama zao wanajua kazi wanayofanya. Walirudi mara mbili, na mara zote mbili mama zao waliulizwa hali. Halafu hawakuja tena.

Huo ndio ulikuwa mwanzo. Ofisi ya maendeleo kule Kitui ikasema tuandikishe kikundi cha kulinda kobe, na kikundi kiwe na wadhamini watano. Watu wakakutana kwa chifu, wakachagua.

Hersi alikuwa mwenyekiti. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, watu wake ni wa upande wa Garissa, na alichaguliwa kwa sababu alikuwa na viti. Mikutano ilifanywa nyuma ya duka lake. Sista Waringa wa dispensari alikuwa mwandishi. Alitoka Murang'a, na Kikamba chake kilichekesha hata punda, lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri. Mzee Mulei alikuwa wa ule ukoo unaolisha pale Katuvi. Alilala katika kila mkutano na kuamka wakati wa kuinua mikono, na hata siku moja hakuinua mahali pabaya. Wa nne alikuwa Mutunga, fundi wa mawe, kijana wa Kasikeu. Alikuja kujenga dispensari. Dispensari ikaisha, yeye akabaki. Wa tano alikuwa Nthenya, kwa niaba ya kina mama.

Hakuna aliyelipwa. Kila mvua ikipita walizunguka mwamba kuona kama umechokolewa. Walienda shuleni kuongea na watoto. Waligombana na warina asali waliowasha moto kwenye nyufa. Zaidi ya hayo walibishana, na kwa kubishana chai ya Hersi yenye tangawizi ilisaidia sana. Nthenya alikuwa akirudi jioni ananisimulia mkutano wote, sauti ya kila mtu, mpaka mkoromo wa Mulei. Mimi naamini nilikuwa mdhamini wa sita, ila sikukanyaga pale.

Mwamba wenyewe ulikuwa wa kaunsili. Walitupa tuuchunge kwa muda, wakaweka sharti. Muda ukiisha, wadhamini wote watano wakae kikao kimoja mbele ya afisa, waseme kwa mdomo mmoja kwamba bado wanautaka. Mmoja akikosekana, au mmoja akikataa, mwamba unarudi kwa kaunsili. Nthenya ndiye aliyesema sharti hilo ni zuri. Aliogopa siku moja wawili wauze mwamba kwenye pombe. Akauliza, “Na sisi kweli tutakosana juu ya kobe?”

Sasa tukakosea, na kosa lenyewe lilikuwa la furaha.

Mutunga alimpenda binti yetu Mumbe. Alituma wazee, mbuzi wakaja, tukakaa, tukala, tukanywa. Kijana mwenyewe alikuwa mzuri, mikono migumu, mdomo laini. Nthenya alifurahi mpaka akaimba peke yake akisafisha sufuria. Sista Waringa alicheza ngoma ya kilumi viatu vikamtoka. Mulei mwenyewe, mzee wa mila, alibariki kwa mate kifuani, akala mguu wa mbuzi, akaenda nyumbani. Hakuna mtu aliyefikiria kamati.

Mkutano uliofuata Nthenya alizunguka nyuma ya duka kama kawaida, akaona kofia ya Mutunga juu ya kiti. Alisimama. Akageuka, akaingia dukani, akajificha nyuma ya magunia ya sukari. Mutunga naye alikuwa ameshaona leso yake kwenye pembe ya ukuta. Aliacha kofia, akaruka ua wa miiba, suruali ikabaki na kipande chake pale. Hersi alikuwa ameshika birika. Akaangalia kile kiti, akaangalia na kile kingine, akasema, “Wallahi, Wakamba mmeniibia kamati.”

Kwetu mkwe na mama mkwe hawakai nyumba moja. Hawaangaliani usoni, hawatajani majina, na wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Ni heshima, tunaiita nthoni. Na liko lingine. Mama mkwe akiomba kitu, mkwe hasemi hapana. Akiomba ng'ombe, ng'ombe anatoka zizini. Kwa hivyo mama mwenye akili haombi ovyo.

Kwa muda walipitia njia ya pembeni. Mkutano huu anaenda Nthenya, ule mwingine anaenda Mutunga, na Hersi anabeba maneno katikati. Mambo madogo hayakutaka watu wote. Hersi alilalamika kwamba amekuwa ngamia wa maneno, lakini nafikiri alipenda. Alikuwa akifika kwetu, anakunja shuka, anasema, “Mama, yule ambaye simtaji anasema waya wa ua umekatika.” Nthenya anajibu, “Mwambie yule ambaye humtaji kwamba waya ni kazi ya fundi.”

Halafu ikaja barabara. Ilikuwa baada ya ile njaa ya themanini na nne. Mkandarasi alitaka kokoto, na mtu wake akaona Katuvi. Jiwe zuri, limeshapasuka lenyewe, na lori linafika mpaka chini yake. Muda wetu nao ulikuwa unaisha. Kaunsili ikatuma habari kwa chifu: Jumatano ijayo afisa anakuja. Wadhamini watano wakisema wanataka mwamba, ni wao. Wasiposema, Alhamisi mkandarasi analeta baruti.

Nthenya hakuniimbia tena asubuhi. Alipika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, bila chumvi, nikala.

Jambo lilikuwa baya kuliko lilivyoonekana, maana hata wangekaa wote, Mutunga hakuwa upande wetu. Hersi alileta neno hilo kwa aibu. Alisema yule ambaye hamtaji ana vijana anaowafundisha kazi ya mawe. Njaa ilikuwa imemaliza mifugo ya baba zao. Wengine walishaenda Mombasa kubeba magunia. Mutunga alisema mwamba ukivunjwa watapata kazi nyumbani, na yeye hawezi kuwaangalia machoni akisema kobe kwanza.

Kamati ilikutana bila yeye, na mimi siku hiyo nilikuwa nje nangoja na punda, nikasikia. Sista Waringa alisema watundike shuka katikati ya chumba. Mulei alifungua macho akasema shuka si kitu, paa ni moja. Hersi akauliza kama hawawezi kuchagua mwingine badala ya mmoja wao. Sista Waringa akamjibu hakuna muda, chifu anataka notisi. Ndipo Mulei akamgeukia Nthenya.

“Wewe una dawa na umeikalia,” akasema. “Muombe. Wewe ni mama mkwe. Tuma neno moja tu, kwamba unaomba mwamba. Atasema hapana na mdomo gani?”

Wengine wakaguna kukubali. Nilijua wanaona ni jambo la akili. Hata mimi niliona ni jambo la akili.

Nthenya akasema, “Nikimuomba hivyo atanipa. Lakini atakuwa amenipa mimi. Siku nikifa, mwamba utakuwa wa nani?”

“Ukifa tutajua,” Mulei akasema. “Sasa hivi shida ni Jumatano.”

“Mzee, lala,” Nthenya akamwambia, na Mulei akalala.

Njiani aliniambia niende kwa Mutunga. Nisiombe kitu. Nisikilize tu, nilete. Alisema kusikiliza ndiyo kazi ninayoijua.

Nilimkuta anachonga jiwe la msingi. Aliniletea kigoda, akaita Mumbe alete maji. Tuliongea habari ya ng'ombe kwanza. Halafu akaweka nyundo chini.

“Baba,” akasema, “najua kwa nini umekuja. Mama akiomba, nitasema ndiyo. Nitaisema mbele ya afisa na moyo wangu ukikataa. Na hao vijana nitawaambia nini? Kwamba nilioa?”

Nikamwambia jiwe lake limekaa sawa.

“Mwambie asiniombe,” akasema. “Aniulize. Kuuliza ni kitu kingine.”

Nilipeleka maneno hayo vile vile. Nthenya alikuwa anachambua pojo. Aliendelea kuchambua mpaka pojo zikaisha, na alikuwa hajasema neno. Tangu nimuoe sijawahi kuona hivyo. Niliangalia kama anaumwa.

Kesho yake alitoka na kina mama watatu wa mwethya, panga na vibuyu vya maji. Hakusema wanaenda wapi. Walirudi jua likishuka, miguu imechanika miiba, na kyondo chake kinavuta shingo kama amebeba mtoto wa ng'ombe. Nikamuuliza ni nini. Akasema ni chakula cha mkwe wake. Nikaona afya yake imerudi.

Asubuhi ya Jumatano alipeleka neno kwa Hersi: kikao kiwe Katuvi penyewe, kwa sababu mwamba hauna paa. Hersi alicheka, akamtuma mpanda baiskeli kwa wengine na kwa chifu, amwelekeze afisa. Hata Mulei, alipopelekewa, alifikiri, akasema kwa mila hakuna shida. Jiwe ni jiwe. Watu wa nthoni hukaa pande mbili za mlima mmoja siku zote na hakuna anayewashtaki.

Mimi nilipeleka mzigo kwa punda, ndiyo sababu niliona kwa macho.

Afisa wa kaunsili alikuja na Landrova, viatu vyeusi, karatasi kwenye ubao wa kuandikia. Alikuta Hersi, Waringa na Mulei wamekaa juu kabisa ya mwamba, Mulei amefungiwa shuka kiunoni na Hersi ameshika ncha yake, asianguke akilala. Afisa akauliza, “Wadhamini ni watano. Wawili wako wapi?”

“Wako hapa,” Hersi akasema. “Mmoja ni mashariki na mmoja ni magharibi.”

Nthenya alikuwa amekaa upande wa jua kuchomoza, leso kichwani, kyondo mbele yake. Mutunga alikuwa upande wa pili, na nyuma yake wale vijana wa mawe wamechuchumaa. Mwamba katikati. Afisa alikuwa mtu wa kwetu, wa upande wa Mutomo. Akazunguka huku, akamwona mmoja. Akazunguka kule, akamwona mwingine. Akauliza wana uhusiano gani, akaambiwa. Akaangalia chini, mabega yakimtikisika. Lakini kazi ni kazi. Akasema ili aandike kikao kimoja, lazima yeye mwenyewe awaone wote wawili kwa wakati mmoja. Kwa hivyo akapanda. Viatu vikateleza. Sista Waringa akamwambia avue, akavua, akapanda na soksi, na hapo juu akakaa karibu na Mulei kama mtoto aliyeletwa kliniki.

Akafungua kikao. Akauliza nani anataka mwamba ubaki. Hersi akasema ndiyo, Waringa akasema ndiyo, Mulei akaamka akasema ndiyo. Nthenya akasema ndiyo, na Katuvi yote ikasikia. Zamu ikafika magharibi.

“Mwenyekiti,” Mutunga akasema kutoka kule, “muulize mdhamini wa mashariki. Hawa vijana watakula nini?”

Kila mtu alikuwa amesikia. Lakini Hersi aligeuka, akainama upande wetu, akasema kwa heshima, “Mama, unaulizwa vijana watakula nini.”

“Mwambie ni swali zuri,” Nthenya akasema. “Mwambie nimelibeba tangu juzi na limenivunja shingo.”

Hersi akageuka. “Anasema ni swali zuri.”

“Nimesikia,” Mutunga akasema.

“Hujasikia,” Hersi akamwambia. “Mimi ndiye nasema.”

Wale vijana wakacheka, na afisa akaandika kitu ambacho sidhani kilikuwa cha kikao.

Nthenya akasema kuna jiwe la Kavuko, nyuma ya bonde. Kila mtu analijua. Ni upara mtupu, halina ufa hata wa kuingiza ukucha. Kobe hawezi kukaa pale. Wamelizunguka lote na kina mama, hawakukuta hata mavi yake. Mkandarasi anataka kokoto, si kobe. Avunje Kavuko.

Jibu likarudi haraka, na Hersi akalipitisha: lori halifiki Kavuko. Bonde lina vichaka na korongo. Hakuna mtu wa kufungua njia, na mkandarasi hatafungua akijua Katuvi iko wazi.

“Mwambie mwethya itafungua njia,” Nthenya akasema. “Kina mama. Tumeshakubaliana. Tunaanza kesho, na hatutaki kitu. Tunataka tu vijana wakipata kazi wawe wanatuletea maji pale tunapochimba, na wasituambie tunachimba vibaya.”

Hapo Hersi hakutafsiri. Alimwangalia tu. Kufungua njia ile ni kazi ya trekta. Mimi pia sikuwa nimeambiwa. Nilimwangalia mke wangu na miguu yake iliyochanika, nikajua mimi na punda pia tumeshaandikishwa.

Kule ng'ambo Mutunga akasema, kwa sauti ya mtu wa kazi, si ya mkwe, kwamba jiwe la Kavuko hajawahi kulipiga. Kama ni laini, kokoto yake itageuka unga barabarani, na vijana watafukuzwa kabla ya mwezi kwisha. Yeye hawezi kusema ndiyo kwa jiwe asilolijua.

Nthenya akafungua kyondo. Akatoa pande la jiwe, la kijivu, kubwa kama kichwa cha ndama. Akaliinua kwa mikono miwili, Hersi akashuka kidogo akalipokea, akampa Waringa, Waringa akamkabidhi afisa, afisa na soksi zake akatambaa mpaka upande wa pili akalishusha. Nthenya akasema, “Mwambie nimemletea chakula. Kama hakijaiva, aseme.”

Tukangoja.

Nyundo ikapiga mara ya kwanza. Ilitoa sauti ya kengele. Upande wetu kina mama waliacha kusuka. Ikapiga tena, kwa pembeni. Halafu ikapiga kwa nguvu, tukasikia jiwe limefunguka, na vipande vinaanguka. Nthenya alikuwa ameshika ncha ya leso kwenye meno. Mutunga alikuwa anasugua kipande kwa kipande, tulisikia ule mkwaruzo, kisha akampa kijana mmoja apige, na mwingine apige.

Afisa ndiye aliyeshindwa kungoja. “Vipi, fundi?”

“Mwenyekiti,” Mutunga akasema, “muulize mdhamini wa mashariki. Hili ni la juu juu, au alichimba?”

“Anauliza kama ulichimba,” Hersi akasema.

“Mwambie kuna shimo pale la kuzika mbuzi,” Nthenya akajibu. “Na panga langu limekufa.”

Nyundo ikapiga mara moja tena. Kisha Mutunga akasema, “Ni jiwe zuri. Ni gumu kuliko hili la Katuvi. Litawatoa vijana jasho.” Wale vijana wakaguna. “Mimi nasema mwamba ubaki. Na andika kwamba sikuombwa. Niliulizwa.”

Hersi akageuka kwetu. Ndevu zake zilikuwa zinacheza. “Mama, anasema ndiyo.”

Nthenya hakupiga kelele. Aliweka mikono miwili juu ya mwamba, kama unavyomshika ng'ombe aliyezaa salama, akaiacha pale.

Karatasi ilitaka kidole cha kila mtu. Afisa akashuka na wino, akaweka cha Nthenya, akaenda kuzunguka mwamba na soksi zake mpaka kwa Mutunga. Miiba ya pale haichagui. Tulimsikia akihesabu miiba kwa Kikamba njia nzima. Alipomaliza aliandika kwamba kikao kilikuwa kimoja na wote walikuwepo, akakunja karatasi, akamwambia Hersi katika kazi yake yote hajawahi kupanda jiwe ili awaone wadhamini.

Shida ikaja wakati wa kurudi. Njia ni moja. Nthenya hawezi kutangulia Mutunga akamwona mgongo, na Mutunga hawezi kutangulia kama anamwongoza mama mkwe. Kila mmoja akangoja mwenzake kwa heshima. Jua likapanda. Hersi akatuma neno huku, akatuma neno kule, kila mmoja akajibu kwamba yeye hana haraka. Mulei aliamka, akaona bado tupo, akauliza ni Alhamisi? Mwishowe Sista Waringa alichoka, akasema ana wagonjwa, akatandaza leso yake kubwa, yeye na mama mmoja wakaishika kama ukuta, Nthenya akapita nyuma yake mpaka kwenye njia, na mimi na punda tukamfuata. Kwa nyuma nilisikia vijana wakimwambia Mutunga afungue macho, ameshapita.

Njia ya Kavuko ilichukua kina mama msimu mzima wa kiangazi. Walichimba wakiimba, na vijana walileta maji, na ni kweli waliwaambia wanachimba vibaya. Mumbe alikuwa na mimba, akawa anakaa kando anapika. Mimi nilibeba mawe kwa punda. Lori la kwanza lilipopita kina mama walikimbia nyuma yake wakila vumbi, na Nthenya mbele, mtu mzima na meno machache, anapiga ubavu wa lori kwa jembe. Barabara ikapata kokoto. Vijana wale, wengine wamejenga nyumba za mawe, unaziona ukipita.

Kobe wako. Mvua ikinyesha wanatoka kula majani, unawaona wametandaa juu ya jiwe kama vifuniko vya sufuria.

Nthenya alibaki mdhamini mpaka alipougua. Yeye na Mutunga walifanya vikao vyote vikubwa pale Katuvi, mashariki na magharibi, na Hersi juu, mpaka Hersi akazeeka akawa hawezi kupanda, wakamtandikia chini pembeni, anapiga kelele pande mbili. Hawakuwahi kuonana usoni. Lakini alijua mkwe wake akikohoa kama ni baridi au ni hasira.

Alipokwenda, watu walikutana kwa chifu kuchagua wa tano. Wakamchagua Mumbe. Mulei hayupo tena wa kuwakumbusha mila, lakini safari hii mila haina neno. Mke na mume wanaweza kukaa benchi moja. Wanakaa nyuma ya duka, chini ya paa, chai ipo, na hawakubaliani juu ya kitu chochote. Juzi walibishana juu ya ua mpaka mwenyekiti mpya, mtoto wa Hersi anayeitwa Sugow, akauliza kama hakuna njia ya kuwarudisha kwenye mwamba.

Mimi huenda siku za mkutano. Nafunga punda nje, nakaa kwenye gunia. Mumbe anapaza sauti kama mama yake. Nasikiliza mpaka wamalize.